Mwaka wa Msellem

Nilianza Mfunguo Mosi, sahani za Idi hazijakauka.
Nikamwambia Faki: mwaka huu simsomi mwengine
ila Msellem wa Ngwachani, mwanzo hata mwisho,
beti elfu mbili mia nne na kumi na saba.
(Nimezihesabu. Nasomesha hesabu, kidato cha pili, Wete.)
Faki akasema: "Si keshakufa huyo? Haraka ya nini?"

Vitabu vyenyewe si vitabu.
Ni nakala za mashine, kurasa zimelala upande,
alizonitolea binamu yangu Chake, wino ukififia
kila bunda likikaribia mwisho;
na daftari moja la asili, kwa herufi za Kiarabu,
mchwa walilisoma kabla yangu
wakayapenda zaidi mashairi ya mapenzi.

Mfunguo Pili nilimpenda.
Mfunguo Tatu nilimchoka: deni, deni, tena deni,
beti arubaini kwa pishi mbili za mchele.
Mfunguo Nne nikafika alipowasema wanawake,
utenzi mzima, vina vimepangika kama shanga
na kila ushanga una sumu.
Nikamfungia kabatini na masufuria ya shughuli,
siku kumi na moja.
Ya kumi na mbili umeme ulikatika, nikamtoa.
Sikumsamehe. Nilitaka tu kujua
kama mwenyewe alijisikia.
Pembeni mwa daftari, kwa mkono wake, kadogo:
*Hii nimemsomea Mwanakheri. Hakusema kitu.
Chai imekuja baridi.*

Mfunguo Saba karafuu zikashuka.
Majamvi yakala nusu ya barabara, skuli ikabaki na madawati,
watoto wote wako juu ya miti.
Nikawa nachambua huku nasoma,
kurasa zikashika mafuta ya vidole vyangu.
Na hapo ndipo nilipomkamata:

*Kwa giza sikuona njia.*

Nikahesabu kwa vidole. Tisa.
Nikahesabu kwa karafuu, moja moja, ukingoni mwa jamvi. Tisa.
Bingwa wa Ngwachani kateleza!
Nilifurahi, nisiseme uongo.
Nikauzungushia mstari wino mwekundu,
ule ule wa madaftari ya watoto.

Wiki ya pili yake Bi Mize wa nyumba ya nyuma
kapotelewa na tembe wake mweusi.
Kapita dirishani kwangu, kanga begani, agombana na hewa:
"Mie sikwona! Sikwona mie, wallahi!"
Kijiko kikanisimama mkononi.

Sikwona.
Kwa giza sikwona njia.
Nane.

Kumbe aliyenakili, sijui nani, sijui wa wapi,
ndiye aliyeisugua lugha mpaka ikaota mguu wa tisa.
Na mimi, ambaye bibi yangu
hakuwahi kusema "sikuona" hata siku moja ya maisha yake,
nilishasuguliwa zamani, wala sikuhisi.
Wino mwekundu haufutiki. Upo pale pale.

Kufika Shaabani mzee kaishiwa na pumzi.
Beti mbili, ubeti mmoja, macho hayaoni kalamu,
hasemi deni tena, hawasemi wanawake tena,
anauliza tu nani kalisogeza kuta.
Nikammaliza usiku wa ishirini na sita, kabla ya daku.
Faki akauliza, "Enhe, kasemaje?"
Nikapika uji.

Skuli zilipofunguliwa nilisahihisha daftari la Riziki Shaame,
swali la nne, pembetatu.
Mkono ukaandika wenyewe:
*Hesabu umekosea,
rudi uanze ya kwanza.*
Sikushtuka mpaka liliporudi Jumatatu,
na chini yake, kwa penseli iliyotafunwa:
*Mwalimu nimefahamu,
lakini jibu ni lile.*

Kwanza nikahesabu mizani. Nane, nane.
Kisha nikatafuta rula.